Wiki Tatu au Wiki Tano

Nasema nanyi, wasikilizaji wangu mlioko mwaloni Nkome mnaoanua dagaa kabla umande haujashuka, na ninyi ambao ng'ombe wamekwisha kuingia zizini na maziwa ya jioni yako jikoni. Leo nina jambo la uzazi wa mifugo. Nitalieleza polepole, kwa sababu linatokea ndani sana, mahali ambapo jicho la mfugaji halifiki, na tangu Jumatatu moja, miezi kadhaa iliyopita, limekataa kunitoka kichwani.

Jumatatu hiyo mzee mmoja wa hapa kwetu alinikuta dukani, akaniita pembeni. "Bwana mifugo," akasema, "nitafutie mtu wa kununua. Yule ng'ombe wangu mwekundu ni tasa. Nampeleka mnadani."

"Mzee wangu, amepandwa mara ngapi?"

"Mara tatu. Mara zote amerudi kwenye joto, anataka dume tena."

"Alirudi baada ya siku ngapi?"

Hakunijibu haraka. Aliinama akachora mistari vumbini kwa fimbo yake, akafuta mmoja, akachora tena. Alikuwa anahesabu kweli, hakuwa anakisia. "Mara mbili za kwanza, wiki tatu, wiki tatu. Mara ya tatu alipitiliza. Tukasema sasa ameshika. Akarudi wiki ya tano."

Nikamwambia asimuuze. Akaniangalia kwa mashaka, maana bei ya mnadani alikwisha kuipangia kazi. Nikamwahidi kwamba sababu nitaieleza hapa redioni ili na wengine wasikie. Mzee wangu, najua redio iko wazi hapo nyumbani. Sasa nisikilize.

Tuanzie machinjioni. Siku ukipita pale asubuhi wakati wanapasua jike, omba uoneshwe ovari. Ziko mbili, moja kila upande wa mfuko wa uzazi, na kila moja haizidi ukubwa wa embe changa lililoangushwa na upepo. Ishike mkononi. Utahisi vilengelenge vyenye maji chini ya ngozi yake. Hivyo ni vifuko vya mayai. Halafu huenda ukahisi kinundu kigumu kilichochomoza upande mmoja kama kizibo cha chupa. Mwombe mchinjaji akipasue kwa ncha ya kisu. Ndani yake utaona rangi ya manjano iliyokolea, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji anayejitafutia majani. Kama ng'ombe huyo alikuwa ametoka kwenye joto siku mbili tatu tu, utakuta kidonda kidogo chenye damu mahali pa manjano. Na kama alikuwa karibu kuingia kwenye joto tena, utakuta kinundu kimeanza kunywea. Vile vya miezi iliyopita vimebaki makovu madogo.

Kinundu hicho cha manjano ndicho habari yetu ya leo. Yai likichomoka kutoka kwenye kifuko chake, kifuko kilichobaki wazi hujijenga upya kwa siku chache na kuwa kiwanda cha homoni iitwayo projesteroni. Homoni ni ujumbe unaosafiri ndani ya damu. Projesteroni huuambia mfuko wa uzazi utulie, usikazekaze, uandae maziwa yake ya ndani kwa ajili ya mgeni. Na inaiambia sehemu ya ubongo inayoamuru joto inyamaze. Ndiyo maana ng'ombe mwenye kinundu kizima hapandi wenzake wala hakubali kupandwa. Mimba ya ng'ombe, miezi yake tisa na siku kadhaa, kwa sehemu kubwa inakitegemea kinundu hicho ambacho ukikitoa unakifunika kwa kidole gumba.

Sasa sikia jambo la ajabu. Kinundu hicho huzaliwa kikiwa na hukumu. Kikifika siku ya 16, 17 au 18 baada ya joto, kinaamriwa kufa, na seli zake, mamilioni kwa mamilioni, zinatii.

Nani anatoa amri? Kwa muda mrefu watu walidhani ovari inajiongoza yenyewe. Mwaka 1923 mtafiti aitwaye Leo Loeb aliwaondolea mfuko wa uzazi wanyama wadogo wa maabara, simbilisi, akakuta vinundu vyao havifi kwa wakati wake. Vinaendelea kuishi kana kwamba wana mimba. Kumbe amri ilikuwa inatoka kwenye mfuko wa uzazi, na mfuko ulipoondolewa hapakubaki wa kuitoa. Ilichukua karibu miaka 50 kuitambua sauti yenyewe. Mwaka 1972 McCracken na wenzake walionesha kwa kondoo kwamba ni homoni iitwayo prostaglandini. Mfuko wa uzazi wa ng'ombe hufanya vivyo hivyo: unasubiri, unasubiri, usiposikia dalili ya ndama unatuma prostaglandini kwenda kwenye ovari.

Na njia inayopitia prostaglandini hiyo, ndugu zangu, inanishangaza kila ninapoifikiria. Damu ikifika kwenye mapafu, sehemu kubwa ya prostaglandini huharibiwa palepale. Ujumbe ungefia njiani. Basi mshipa unaotoa damu kwenye mfuko wa uzazi umegandana na mshipa unaopeleka damu kwenye ovari, mmoja umejisokota juu ya mwingine kama mmea unaotambaa kwenye mti, na ujumbe unapenya ukuta kutoka mshipa mmoja kuingia mwingine bila kuzunguka mwili mzima. Ni njia ya mkato ya jirani kwa jirani.

Kuna la kuhuzunisha pia. Kinundu chenyewe, kikipigwa na prostaglandini ya kwanza, hutoa homoni nyingine iitwayo oksitosini. Oksitosini inarudi kwenye mfuko wa uzazi na kuufanya utume prostaglandini zaidi. Kinundu kinapigwa, kinajibu, na jibu lake linaleta pigo jingine. Ndani ya saa chache projesteroni inaanguka. Damu inayoingia kwenye kinundu inapungua. Ndipo seli zinapoanza kufa zenyewe.

Nimesema kufa, na hapa sina budi kutofautisha vifo viwili. Seli inayokufa kwa jeraha, tuseme kwa kuungua au kwa sumu, huvimba, hupasuka, ikamwaga vilivyomo ndani, na mahali hapo pakawaka na kuuma. Seli iliyoamriwa kufa haifanyi hivyo. Inanywea. Inakatakata vinasaba vyake. Inajifungasha katika vifurushi vidogo vilivyofungwa vizuri, na seli za jirani huvimeza. Hakuna usaha wala uvimbe. Mwaka huohuo wa 1972, Kerr, Wyllie na Currie, waliokuwa Aberdeen kule Uskoti, walikipa kifo hicho jina la apoptosisi, neno la Kigiriki la kupukutika kwa majani. Nimelipenda jina hilo kwa sababu sisi tunaishi na miombo. Mwezi wa nane ukipita porini utaona mitundu na mininga imepukutisha majani. Mti uko hai kabisa, na umeyaangusha majani kwa sababu umepata habari kwamba maji yamekwisha ardhini.

Ndani ya kila seli ya kinundu kuna proteini zinazolinda uhai, mojawapo inaitwa Bcl-2, na kuna nyingine zinazofungua mlango wa kifo, mojawapo inaitwa Bax. Zote ziko mle ndani wakati wote. Projesteroni ikiwa nyingi, walinzi wana nguvu. Ikianguka, mlango unafunguka. Kwa hiyo seli haiishi kwa sababu tu haijaguswa na ugonjwa. Inaishi kwa sababu kuna ujumbe unaoifikia kila siku kwamba bado inahitajika, na siku ujumbe ukikatika inajiondoa. Mambo mengi tunayoyaita utasa katika mazizi yetu ni ujumbe uliokatika.

Na ndama? Hapa ndipo ilipo habari ya mzee wangu na wiki zake tatu na tano.

Yai likikutana na mbegu, kiinitete huelea ndani ya mfuko wa uzazi kwa siku nyingi bila kujishikiza popote. Siku ya 12 bado ni kitu kidogo kama punje ya ulezi. Halafu kinaanza kurefuka kwa kasi ambayo hutaiamini mpaka uione: siku chache tu kinakuwa uzi mwembamba mweupe, mrefu kuliko kiganja cha mkono. Kwa nini kirefuke hivyo kabla hata hakijawa na umbo la ndama? Kwa sababu kina haraka ya kuugusa ukuta mwingi wa mfuko wa uzazi iwezekanavyo kabla ya siku ya 16. Kikiugusa, kinaachilia proteini yake. Mwaka 1987 iligundulika kuwa proteini hiyo ni ndugu wa intaferoni, silaha ambazo mwili hutumia kupambana na virusi. Kiinitete cha ng'ombe na cha kondoo kimeichukua silaha hiyo kikaifanya barua. Inauziba ukuta wa mfuko wa uzazi usiisikie oksitosini, na ukuta usipoisikia oksitosini hautumi yale mapigo ya prostaglandini. Kinundu kinabaki na uhai, projesteroni inaendelea, ng'ombe harudi kwenye joto. Mfugaji anasema ameshika.

Ndama wa siku 16, asiye na moyo bado wala damu, ndiye anayeokoa seli za mama yake ili naye aishi. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado habari hiyo hunisimamisha.

Basi rudi kwenye hesabu ya vumbini. Ng'ombe aliyerudi baada ya siku 18 mpaka 24 anakwambia kwamba barua haikufika. Ama yai halikukutana na mbegu hai, ama kiinitete kilikufa mapema au kilidhoofika kikachelewa kuandika. Ng'ombe aliyerudi baada ya siku 35 anakwambia jambo tofauti kabisa: barua ilifika, ikasomwa, kinundu kikaokolewa, mimba ikatulia, halafu mwenye barua akafa. Isipokuwa kama joto la katikati lilipita bila kuonwa na mtu, na kwa zebu wetu hilo hutokea sana kwa kuwa joto lao ni fupi, mara nyingi halifiki nusu siku, na hupenda kuja usiku. Lakini mzee yule ni mtu wa kulala jirani na zizi. Nilimwamini.

Kwa hiyo huyo ng'ombe si tasa. Ovari zake zinafanya kazi, mfuko wake wa uzazi unasikia. Nilichotaka kujua ni nini kilichokuwa kinaua mimba, nikamwuliza habari za madume.

Mara mbili za kwanza zilikuwa mwezi wa nane na wa tisa, na dume lililotumika lilikuwa la zizini kwake, lililokuwa limetoka kuugua ndigana kali. Hapo jibu lilikuwa limejifungua lenyewe. Korodani za dume zinaning'inia nje kwa sababu seli za mbegu zinataka ubaridi, nyuzijoto chache chini ya joto la mwili. Homa kali ikimshika dume siku kadhaa, seli changa za mbegu hupukutika kwa wingi ndani ya korodani, hata kama yeye mwenyewe amepona, anakula na anapanda kwa nguvu. Mbegu moja ya ng'ombe inachukua karibu siku 60 kutengenezwa. Dume lililopona homa leo linaweza kuwa halina mbegu za maana mpaka miezi miwili ipite. Wafugaji wengi humhukumu dume kwa ujasiri wa kupanda. Ujasiri unaletwa na testosteroni, na homa inaweza kuziua mbegu ikaiacha testosteroni palepale.

Mkitaka kuona kazi ya testosteroni yenyewe katika kulinda uhai wa seli, tazameni maksai wenu wanaolima mashamba ya pamba na mpunga. Dume likihasiwa, ujumbe wa testosteroni unakatika, na zile tezi za ndani zinazotengeneza majimaji ya kubeba mbegu hunywea mwezi kwa mwezi, seli zake zikifa kwa amri bila jeraha lolote. Hakuna kisu kilichozigusa tezi hizo. Kilichoondoka ni habari tu.

Mara ya tatu mzee alitumia dume la jirani, kubwa, zuri, linaloombwa na mazizi mengi. Mimba iliyokaa wiki kadhaa halafu ikapotea, baada ya dume linalozunguka, hunifanya nifikirie magonjwa ya kupandana. Yapo ambayo dume hubeba bila kuumwa hata kidogo, na jike akiambukizwa mimba hufa changa. Nimewashauri wote wawili, mzee na jirani yake, dume lipimwe kabla halijapanda tena. Hili nalisema kwa uzito kwa kila mtu anayenisikia: dume la bure linaweza kuwa ghali kuliko dume lolote ulilowahi kununua.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye mwezi wa nane na wa tisa, maana hapo ndipo wengi tunapoteza ndama bila kujua.

Ndama jike, akiwa bado tumboni mwa mama yake, huwa na mayai zaidi ya milioni mbili. Akizaliwa yamebaki takribani laki moja, wengine zaidi, wengine pungufu. Mengine yote yamekufa kwa amri kabla hajaliona jua. Na katika hayo laki moja, atakayoyaachilia maisha yake yote hayafiki mia mbili. Kila siku vifuko vinaamka, vinaanza kukua, na karibu vyote vinakufa. Katika mzunguko mmoja wa siku 21 huja mawimbi mawili au matatu. Katika kila wimbi vinakua vifuko kadhaa kwa pamoja, vikilishwa na homoni ya ubongo iitwayo FSH. Kimoja kinatangulia. Kinatoa estrojeni, na estrojeni hiyo inauambia ubongo upunguze FSH, na wenzake walioitegemea wanakufa kwa kukosa chakula cha ujumbe. Huyo mmoja hafi kwa sababu amejifunza kuishi kwa homoni nyingine, LH.

Lakini LH inatoka kwa mapigo, na mapigo hayo yanasikiliza tumbo. Ng'ombe ambaye mbavu zake zinahesabika, anayetembea kilomita nyingi kwenda ziwani na kurudi na kukuta majani makavu kama karatasi, mapigo yake ya LH yanakuwa machache. Kifuko kilichoshinda wenzake wote kinafika mahali pa kupasuka kinakosa msukumo wa mwisho, kinakufa nacho. Wimbi jingine linaanza, linakufa. Ndani ya ovari kuna shughuli kila siku, nje hakuna joto lolote. Na ndama anayenyonya mchana kutwa huzidi kuyapunguza mapigo hayo. Huo mwili hauna ugonjwa. Umefanya hesabu ukaona hauwezi kulea, ukakataa mapema, na kwangu mimi uamuzi huo ni wa busara. Makosa ni yetu tuliouacha ufike hapo.

Wasukuma walikuwa na jibu la kiangazi kabla sijazaliwa, na jibu hilo ni ngitili. Kipande cha malisho kinafungwa mvua zikianza, hakuna ng'ombe kuingia, majani yanakua na kukomaa, na kiangazi kikibana kinafunguliwa kwanza kwa wanyonge, yaani ndama, wagonjwa, na majike wanaonyonyesha. Ngitili nyingi zilikufa zamani watu walipohamishwa na ardhi ikawa haina mwenyewe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza 1986 kuwarudisha watu kwenye desturi hiyo, na katika miaka yake 18 zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa ngitili katika mkoa ule, zikiwemo za Bukombe, ambayo kabla ya 2012 ilikuwa Shinyanga na leo ni Geita yetu. Mwaka 2002 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Husifiwa kwa miti, kwa kuni, kwa asali na mvua. Mimi naisifu ngitili kwa kile ninachokishika mkononi machinjioni. Jike aliyekula ngitili mwezi wa tisa ana kifuko kilichopata nguvu ya kupasuka. Kifuko huchukua zaidi ya miezi miwili kukua mpaka mwisho wake, kwa hiyo majani unayoyatunza leo ni ndama wa mwakani.

Hapa Nkome tuna shida yetu nyingine. Pesa ya sangara na pesa ya dhahabu hugeuzwa ng'ombe, jambo zuri, lakini mwenye ng'ombe yuko machimboni Nyarugusu au Rwamagasa, na anayechunga ni kijana wa kulipwa. Anayejua siku ya joto ni huyo kijana. Tajiri, mnunulie daftari na kalamu. Mwongeze kitu kwa kila ng'ombe aliyemwona kwenye joto akaandika tarehe. Tarehe hiyo ina thamani kuliko sindano yoyote nitakayokuja nayo.

Na sindano nazo nizungumzie, ingawa kwangu si jambo jepesi.

Ile prostaglandini ya mwaka 1972 siku hizi inauzwa chupani. Tunaitumia tunapotaka majike mengi yaingie kwenye joto pamoja ili yahimilishwe siku moja. Inaua kinundu cha manjano, basi. Ng'ombe ambaye kinundu chake kina siku sita mpaka kumi na saba huingia kwenye joto baada ya siku mbili hadi tano. Ambaye kinundu chake ni kichanga mno haisikii, ndiyo maana mara nyingi tunachoma mara mbili, siku 11 hadi 14 katikati. Ambaye hana kinundu kabisa, yaani yule mwenye njaa wa kiangazi, haimsaidii hata kidogo, kwa kuwa hakuna cha kuua. Wengi wanaharibu pesa hapo.

Inaponya pia. Jike ambaye mfuko wake wa uzazi umejaa usaha hukaa miezi bila joto, mwenyewe akisubiri ndama, kwa sababu ukuta ulioharibika hauwezi kutuma amri na kinundu kinaendelea kuishi bila kazi. Sindano moja huua kinundu, mlango wa mfuko wa uzazi unafunguka, usaha unatoka.

Lakini sindano haitofautishi kinundu cha usaha na kinundu cha mimba. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliitwa na mama mmoja mjane, ana majike manne. Akaniambia wote wako wazi. Nilikuwa na haraka, jua linazama, na niliamini kauli yake bila kuvaa glovu na kuingiza mkono kupima. Nikachoma wote wanne. Siku ya nne alinitumia mwanawe. Nilipofika, jike moja lilikuwa limesimama pembeni, na pale majanini kulikuwa na kitoto cha miezi mitatu, urefu wa panya mkubwa, kwato zake laini kama kucha za mtoto, ngozi bila unywele. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana mifugo, sasa tufanyeje?" Nilikuwa nimekata ujumbe ambao kiumbe yule aliupigania tangu siku yake ya 16. Tangu siku ile sichomi jike bila kupima, hata kama mwenyewe ataapa. Nanyi msikubali achomwe na mtu yeyote ambaye hajapima, wala msinunue chupa hiyo mkajichomea.

Tena akina mama, nisikilizeni vizuri. Dawa hiyo hupenya ngozi. Mwanamke mwenye mimba asiishike, asiifungue, asimshikie mtu ng'ombe anayechomwa. Na mwenye pumu vivyo hivyo. Ikimwagikia mtu mkononi aoshe hapohapo kwa sabuni na maji mengi.

Basi, mzee wangu. Ng'ombe wako mwekundu hatukumchoma kitu, maana joto lake analileta mwenyewe. Ulimpumzisha mizunguko kadhaa nilivyokuomba ili mfuko wake wa uzazi ujisafishe, ukampa mabua ya mahindi na pumba kila jioni, nami niliona mgongo wake umeanza kufunikwa na nyama. Ulipomwona asubuhi amesimama wenzake wampande, ukanipigia simu kabla hata hujanywa chai, nikaja jioni yake na mrija wa mbegu kutoka kituo cha uhimilishaji cha Usa River, ule uliokaa kwenye naitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Tuliuyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, ukashika tochi, mjukuu wako akashika mkia.

Kwa daftari langu, leo ni siku ya 16. Kama kiinitete kimo, usiku huu kinajinyoosha. Usimkimbize kwenda ziwani kesho. Mchoteeni maji hapo nyumbani, na kivuli cha mwembe kinamtosha. Alhamisi ijayo usiku na Ijumaa alfajiri mtu alale karibu na zizi, na tochi iwe na betri. Mimi nitapita Ijumaa jioni ng'ombe wakirudi, tusikie mjukuu amemwona kwenye joto au hakumwona, halafu wiki ya tano nitapita tena.